Rauta, lakini si ya intaneti

Haya wasomaji, kimya cha wiki mbili si programu iliyonikwamisha. Nilikuwa uani hapa Msambweni nikiunda meza ya rauta. Si ile ya intaneti! Hii ni mashine ya kuchonga kingo za mbao, inazunguka hata mara 20,000 kwa dakika. Nimeifunga kichwa chini, kisu kikachomoza juu kwenye tundu la plaiwudi.

Siku ya kwanza nilichonga mvule mlango wazi, nikitegemea upepo wa kusi uondoe vumbi. Ukalipeleka chumbani kwa mama. Mama ana pumu. Usiku ule sikulala, nilikuwa nasikiliza anavyovuta pumzi. Asubuhi akasema tu, “Mwanangu, mashine yako nzuri, ila yanila kifua.”

Kumbe vumbi la mvule lajulikana kwa kuchochea pumu, na tangu 1995 shirika la IARC linahesabu vumbi la mbao kuwa kisababishi cha saratani. Mimi na digrii yangu sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja!

Nikabomoa. Sasa chini ya meza kuna kasha, nyuma ya kisu kuna mdomo wa bomba, na yote yanaingia ubavuni mwa ndoo ya lita 20. Mashine ya kufyonza vumbi inavuta kupitia kifuniko. Hewa inazunguka, maranda yanabaki chini. Mwanzoni kasha nililiziba kabisa, mota ikachemka. Acheni tundu la hewa.

Vumbi jembamba bado linapenya. Navaa barakoa, na mvule nachonga mama akiwa Ukunda kwa dada.