Kibeti Aliyekatazwa Uchawi

Kwenye rafu yangu, hapa Madison katika jimbo la Wisconsin, kuna vitabu vya mchezo mmoja nilioulipia mara nne. Mke wangu huviita vitabu vya madeni. Simbishii.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons. Kwa msomaji asiyeufahamu, niseme hivi: watu watano au sita huketi mezani. Mmoja wao, msimulizi, hueleza pango au mji wa kubuni. Wengine, kila mmoja na mhusika wake, husema wanafanya nini humo, na pale penye shaka hurushwa dadu, mara nyingi ile ya pande 20. Ni paukwa pakawa ambayo wasikilizaji wameruhusiwa kuivuruga. Gary Gygax na Dave Arneson ndio walioutunga, ukachapishwa mwaka 1974 na kampuni ya TSR, iliyokuwa Lake Geneva, katika jimbo hili hili.

Nilikuja kusoma mwaka 1992, nikitokea Tanga, na majira ya baridi ya kwanza yangenishinda kama si seremala mmoja, mtu wa makamo, aliyenikaribisha kwenye chumba cha chini ya nyumba yake kila Jumamosi usiku. Yeye ndiye aliyekuwa msimulizi. Tulicheza toleo la pili, lililotoka mwaka 1989, na nakala yake alikuwa ameijaza maandishi ya penseli pembezoni hata ikawa kama daftari.

Hesabu za toleo lile zilikuwa za ajabu. Namba ya deraya ilishuka kadiri ulinzi ulivyozidi: asiyevaa kitu alikuwa na 10, na aliyelindwa vizuri sana aliteremka chini ya sifuri. Ili kujua dadu itakiwe kuonyesha ngapi, ulitoa namba ya deraya ya adui kutoka namba yako mwenyewe. Na kutoa hasi, kama walimu walivyotuchapa tukalielewa, ni kujumlisha. Hilo halikunisumbua. Kilichonikera ni kingine. Nilitaka kucheza kibeti ambaye ni mchawi, na kitabu kilikataa. Kibeti aliweza kuwa mpiganaji, kasisi au mwizi. Uchawi, hapana, kwa sababu ni kibeti. Tena hata katika kazi aliyoruhusiwa aliwekewa ngazi ya mwisho, ilhali binadamu aliendelea kupanda. Nilikuwa mgeni katika nchi ya watu, nikiwa na viza inayoeleza kazi ninazoweza na nisizoweza kufanya. Pengine niliisoma sheria ile kwa macho hayo. Sikumwambia mtu.

Mwaka 2000 lilitoka toleo la tatu, chini ya Wizards of the Coast, walioinunua TSR mwaka 1997. Namba za deraya zikageuzwa zipande, na vizuizi vya vibeti vikafutwa. Nilivinunua vitabu vyote vitatu kwa fedha ambayo ilikuwa iende Tanga kwa ada ya mdogo wangu (aliilipa mjomba, na hadi leo hunikumbusha), nikavitua mezani kwa seremala, nikatangaza kwamba wiki ijayo tunahama. Wawili waliniunga mkono, wa tatu akanyamaza. Seremala alifunua kurasa mbili tatu, akasema, "Mimi nina miaka kumi na moja ya maandishi humu mwangu. Nani atayahamisha?"

Jumamosi iliyofuata tulicheza kwangu, bila yeye. Kibeti wangu alikuwa mchawi, na alichosha. Kufikia Krismasi hapakuwa na meza tena, na mimi na seremala hatukusemezana kwa miaka kumi na mmoja.

Mwaka 2003 likaja toleo la 3.5. Vitabu vya 2000 vilikuwa vimetoka kwa dola 19.95 kila kimoja, vya 2003 vilikuwa dola 29.95, na mabadiliko yake mengi yangeenea katika kijitabu. Nilivinunua, kwa aibu. Toleo la nne la 2008 nililiruka. Wengi walilikimbilia mbali, wakaenda kwa Pathfinder, ambayo kampuni ya Paizo iliitoa mwaka 2009 kwa kuendeleza kanuni za toleo la tatu. Yaani walinunua kitabu kipya ili wasibadilike. La tano la 2014 nililipenda.

Seremala nilikutana naye mwaka 2011, katika duka la mbao. Tulisalimiana kama watu waliofiwa. Nikamweleza habari ya kibeti. Akanitazama sana. "Ungeniomba tu," akasema. "Kanuni ile ningeifuta kwa penseli."

Alisema kweli, maana msimulizi ana mamlaka hayo, na vitabu vyenyewe vimekiri hivyo. Nililala na neno lile usiku kucha. Lakini nitasema wazi, hata yeye akilisoma: kuomba ni kuomba. Binadamu wa mezani kwetu hawakuomba kitu. Chao kilikuwa kimechapishwa. Ndiyo maana toleo linalomwondolea mtu haja ya kupiga magoti nalitetea, na lile linalonibadilishia jalada na namba chache nalihesabu kuwa biashara. Kosa langu lilikuwa kumpelekea rafiki vitabu vitatu badala ya maneno mawili.

Sasa binti yangu ameleta kitabu cha 2024. Ameniambia, "Baba, humu hawasemi tena mbari, wanasema spishi, na nguvu za mhusika zinatokana na maisha aliyoishi, si kabila lake." Anataka tucheze Jumamosi. Nimempigia simu seremala, ambaye sasa ana miaka sabini na sita. Akauliza ni toleo gani. Nikamwambia. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema atakuja, ila atakuja na dadu zake mwenyewe, na penseli.