Mbuzi Akikohoa, Mtoto Hulala Njaa

Msomaji mpendwa, huenda wakati huu umeketi na jamaa yako mkisubiri sahani ya nyama choma na kachumbari. Kuleni kwa raha zenu. Lakini kabla hujaugusa mfupa wa kwanza, hebu nikuulize: Je, mbuzi huyo alitoka wapi, na ni nani aliyemlea?

Wengi wa mbuzi wanaochinjwa Kiamaiko, hapa Nairobi, huletwa kwa malori kutoka sehemu kame za nchi yetu. Mimi ni mzaliwa wa sehemu hizo, huko Turkana. Karo yangu, tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne, ilitoka katika zizi la mama. Kila muhula ulipofunguliwa, mbuzi wawili walipelekwa sokoni. Kwa hivyo watu wanaposema mbuzi ni benki ya mfugaji, kwangu mimi hayo si maneno ya kupamba hotuba.

Kuna ugonjwa unaoivunja benki hiyo kwa siku chache tu. Sisi Waturkana huuita loukoi. Madaktari wa mifugo huuita homa ya mapafu ya mbuzi. Unaletwa na kijidudu cha jamii ya maikoplazma, ambacho kilitambuliwa mara ya kwanza papa hapa Kenya mwaka wa 1976. Mbuzi mgonjwa akikohoa, walio karibu naye huvuta hewa yenye kijidudu hicho. Na wewe wajua jinsi mbuzi wanavyolala: wamebanana zizini usiku kucha kama abiria wa matatu saa za jioni.

Dalili zake ukiziona hutazisahau. Mbuzi hushikwa na homa kali, hukataa malisho, hubaki nyuma ya wenzake. Kisha husimama miguu ya mbele ameitanua, shingo ameinyoosha, akitafuta pumzi kwa shida huku mate yakimdondoka. Ugonjwa ukiingia katika kundi ambalo halijawahi kuupata, karibu wote wanaweza kuugua, na zaidi ya nusu wakafa. Binadamu haumpati. Lakini humwua kwa njia nyingine.

Ulipofika kwa kaka yangu mkubwa, uliingia kwa mlango wa furaha. Binti yetu mmoja alikuwa ameolewa, na mbuzi wa mahari wakaletwa. Wote walionekana wazima. Ugonjwa huu unaweza kujificha mwilini kwa siku sita hadi kumi, wakati mwingine hata wiki tatu au nne. Mwezi haukuisha kabla kikohozi hakijasikika zizini. Katika mbuzi sitini, walibaki kumi na saba.

Hapo ndipo wachuuzi walipofika. Walitaka kununua waliokuwa wakikohoa, kwa bei ya kutupa. Kaka alikataa. Alijua kwamba wengine wangeuzwa tena katika soko jingine, waingie katika zizi la mama mwingine. "Pesa hizo zitanunua unga," aliniambia, "lakini zitakuwa zimebeba kilio cha mtu."

Msomaji, uungwana huo ulikuwa na bei yake. Shemeji yangu alikosa maziwa ya kuwapa watoto wadogo. Binti yao mkubwa alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Je, wewe ungefanyaje? Usiharakishe kujibu. Ni rahisi kuwa mwema tumbo likiwa limeshiba.

Jambo la kusikitisha ni kuwa ugonjwa huu una kinga. Chanjo yake hutengenezwa papa hapa Kenya na KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo, nayo humlinda mbuzi kwa takriban mwaka mmoja. Shida ni safari. Chanjo hutaka kuwekwa mahali pa baridi, nako Turkana jua ni kali, barabara ni mbovu, na mfugaji huhama akifuata maji na malisho. Dawa kama tetrasaiklini husaidia ikitolewa mapema, lakini mbuzi aliyepona huenda bado akawaambukiza wenzake. Tena si kila kikohozi ni loukoi. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyotikisa Turkana tangu mwaka wa 2006, huleta pia kuhara na vidonda mdomoni, na ina chanjo yake nyingine. Ndiyo sababu mganga wa mifugo anahitajika, si kubahatisha sindano iliyonunuliwa dukani.

Basi, wewe uliye mjini na una jamaa wafugaji, usingoje kupigiwa simu ya msiba ndipo utume pesa. Tuma mapema, mbuzi wachanjwe wakiwa wazima. Waambie wageni wa zizini, hata wa mahari, watengwe kwanza kwa mwezi mmoja. Mkwe mwenye busara hatakasirika.

Nawe mwanafunzi unayejiuliza usomee nini, fikiria udaktari wa mifugo. Huko kwetu daktari mmoja wa mbuzi huweza kuwarudisha shuleni watoto wa kijiji kizima.

Kinga ni bora kuliko tiba. Haya, nyama isipoe.