Ufa Usioonekana

Nyumba tulimolelewa, kusini mwa mji wa Tanga kwenye njia ya Pangani, haikumaliza mwaka bila kuguswa na mikono ya wenyewe. Kaskazi ikielekea ukingoni, kabla mvua za masika hazijaanza, baba alipanda juu kukagua paa, na mama na bibi wakazunguka kuta wakitazama wapi udongo umebanduka. Hakuna aliyeiita kazi hiyo ukarabati. Ilikuwa kazi ya nyumbani tu, kama kufagia uwanja na kuteka maji, na kila aliyekuwa na umri wa kubeba ndoo alikuwa na sehemu yake.

Ilikuwa nyumba ya kawaida ya pwani: korido katikati, vyumba kulia na kushoto, baraza mbele, jiko na choo uani. Nguzo zilikuwa boriti za mikoko, kwa kuwa mchwa hauziwezi upesi. Fito zilifungwa kwa kamba za katani, ambazo hazikuwa adimu kwa watu waliozungukwa na mashamba ya mkonge, na nafasi kati ya fito ilishindiliwa mawe madogo na udongo. Juu palikuwa na kombamoyo na pao, kisha makuti.

Makuti yalikuwa shughuli ya bibi. Aliketi barazani, miguu ameinyoosha, akakunja jani la mnazi juu ya kijiti, akalaza la pili likiwa limepanda nusu ya lile la kwanza, akalishona, akaendelea hivyo hadi mwisho wa kijiti. Akimaliza aliliinua kuti kulielekeza juani. Likipitisha mwanga, alilifumua pale pale, kwa sababu panapopita mwanga maji nayo yatapita. Ukaguzi wa paa ulifuata kanuni hiyo hiyo. Saa sita mchana sisi watoto tuliingizwa vyumbani, milango na madirisha yakafungwa, tukatazama juu. Kila tundu lilionekana kama kidoa cheupe gizani. Tulichomeka kijiti kirefu hapo, kikatokeza nje, na baba aliyekuwa juu akajua pa kupachika kuti jipya. Baada ya kijiti cha mwisho tuliruhusiwa kwenda kuoga baharini.

Kuta zilikandikwa kwa msaragambo. Majirani walikuja asubuhi, udongo mwekundu ukamwagiwa maji na kukanyagwa hadi ukalainika. Mama ndiye aliyesema lini mchanga unatosha. Udongo mtupu hushika vizuri siku ya kwanza, lakini ukikauka hunywea na kupasuka, na mchanga ndio unaouzuia. Alipima kwa kiganja: alifinyanga tonge, akalitupa chini, akaangalia linavyovunjika. Mchana watu walikula wali wa nazi na samaki, na jioni ukuta ulikuwa mzima. Wiki kadhaa baadaye, ulipokauka sawasawa, ulipakwa chokaa iliyolowekwa usiku kucha na kutiwa chumvi kidogo ili ishike, nguo za watu zisichafuke. Brashi ilikuwa kipande cha katani kilichopondwa ncha. Chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe yaliyochomwa, kama ile iliyojenga msikiti na makaburi ya Tongoni, si mbali na kwetu, ambayo magofu yake yapo hadi leo.

Siisifii nyumba ile kupita kiasi. Ilikuwa na panya paani, makuti yaliogopa moto, na mwaka ambao baba alikuwa mgonjwa tulilala tukihamisha vitanda kukwepa matone. Kila mtu kijijini alitamani bati na saruji. Mwalimu Nyerere alilizungumzia jambo hilo mwaka 1977, alipopima miaka 10 ya Azimio la Arusha. Aliwalaumu watu wanaoiona saruji kuwa ndiyo udongo Ulaya na kuisubiri pamoja na bati, ilhali wangeweza kuchoma matofali na vigae wakajenga nyumba nzuri. Wazee barazani kwetu waliyajadili maneno hayo kwa heshima, kisha wakaendelea kusubiri bati.

Walisubiri sana. Kiwanda cha saruji kilianza kazi Tanga mwaka 1980, jirani kabisa, lakini miaka ile mfuko wa saruji ulitafutwa kwa kibali, na kibali chenyewe kilitafutwa kwa kujuana. Mambo yalianza kulegea baada ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Bati zikaonekana madukani kwa mwenye pesa. Baba aliuza nazi za misimu kadhaa, akaazima kwa mjomba, na paa la makuti likaezuliwa.

Aliita fundi kutoka mjini, lakini hakukaa chini kumtazama. Alishika ngazi, akapandisha bati, akauliza. Usiku alitueleza alichojifunza kana kwamba alikuwa ametoka chuoni. Msumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni, kwa kuwa maji hupita bondeni. Bati hupandiana mgongo mmoja na nusu. Uezekaji huanzia upande ambao upepo unakwenda, ili upepo wa kusi usiingize mvua kwenye maungio. Na namba ya geji huenda kinyume na anavyodhani mnunuzi: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na 32 ni nyembamba kuliko zote hizo. Kwa muda mrefu baada ya hapo yeye ndiye aliyeitwa na majirani kuziba matundu kwa lami na kubadilisha misumari iliyolegea.

Kwa hiyo bati halikutupokonya kazi. Lilibadilisha vifaa tu, kamba na kijiti vikawa nyundo na lami, na mwenye nyumba akabaki kuwa mtu wa kwanza kujua nyumba yake inaumwa wapi. Kilichobadilisha mambo kilikuwa lipu.

Baada ya bati, ilionekana aibu kuacha kuta za udongo chini yake. Baba alipiga lipu ya saruji juu ya udongo ule ule, nje na ndani, na nyumba ikang'aa. Watu waliopita njiani waliuliza nani amejenga nyumba ya tofali. Mama alifurahi kuliko wote, maana ukaguzi wa kila mwaka ulikwisha. Masika yalikuja na kupita, ukuta haukudondosha hata kibonge. Msaragambo wa kukandika kwetu ukafa hapo, na ninadhani katika nyumba nyingi za jirani ulikufa hivyo hivyo, bila mtu kuuaga.

Miaka ikapita, kisha kona ya chumba cha nyuma ikaanguka usiku, yote kwa mara moja. Hakuna aliyeumia. Tulipochungulia tulikuta lipu iko imara kama bamba, lakini nyuma yake udongo umekuwa unga na fito zimeliwa. Fundi mmoja mzee wa Ngamiani, Tanga mjini, alitupa maelezo ambayo nimeyasikia tena mara nyingi kwa watu wanaokarabati majengo ya zamani. Udongo hutanuka na kunywea kadiri unavyopata na kupoteza unyevu, na saruji haiufuati. Zikitokea nyufa nyembamba kama unywele, maji huingia, na kwa kuwa saruji hairuhusu unyevu kutoka kwa urahisi, yanabaki humo. Mchwa nao hupenda njia yenye giza na ubaridi. Ukuta wa udongo uliopakwa chokaa ungetuonyesha maradhi yake mapema, kwa kubanduka. Huu uliyaficha hadi siku ya kuanguka.

Methali ya ufa na ukuta tunaisema kila siku. Ilitungwa na watu ambao waliweza kuuona ufa wao.

Mimi nilipojenga Dar es Salaam, upande wa Mbagala, sikutaka fito wala udongo. Nilijenga mdogo mdogo kama wanavyojenga watu wa mishahara midogo: leo msingi, mwakani kuta, pagale likasimama na majani yakaota sebuleni. Tofali za inchi 6 tulifyatua wenyewe uwanjani, mimi, mume wangu na kijana wa kuchanganya. Kumwagilia ilikuwa kazi yangu, asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni nikirudi. Vijana wengi husema saruji inakauka, lakini saruji hushikana kwa sababu ya maji. Tofali likinyauka juani siku ya pili hubaki dhaifu maisha yake yote, ndiyo maana hufunikwa na kumwagiliwa kwa wiki nzima, na wahandisi huhesabu siku 28 kabla ya kuupima uimara wa zege. Hilo nililipenda. Lilinikumbusha mama na tonge lake la udongo.

Lakini ujenzi ulipofika kwenye umaliziaji, nyumba ilianza kufunikwa tabaka juu ya tabaka. Mabomba ya PPR yalichimbiwa ukutani na kupigwa lipu, kisha vigae. Nyaya zikapita ndani ya kuta. Chini ya paa la msauzi ikawekwa dari ya jipsamu, nyeupe, na taa zimechomekwa ndani yake. Kila kitu kikapendeza, na kila kitu kikafichwa. Tundu la msumari kwenye bati leo halionyeshi kidoa cha mwanga kwa mtoto aliyelala kitandani. Maji hutembea juu ya dari hadi yapate pa kukusanyika, na doa la kahawia linapotokea linaweza kuwa mbali na tundu lenyewe. Bomba la PPR huunganishwa kwa mashine inayolipasha joto la nyuzi kama 260, bomba na kiungo vikayeyukiana vikawa kitu kimoja. Ni maungio mazuri kuliko yale ya mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu, lakini yakivuja hayakazwi kwa spana. Yanakatwa, na kabla ya kuyakata utavunja vigae.

Ndiyo tofauti ninayoiona baada ya miaka yote hii. Nyumba ya wazazi wangu ilidai kidogo kidogo, kila mwaka, na deni lake lililipwa kwa udongo, makuti na siku moja ya majirani. Nyumba ya leo hukaa kimya muda mrefu, kisha inadai yote kwa mkupuo, na inataka fedha taslimu.

Watu husema kizazi cha sasa hakijui kutumia mikono. Mwanangu ananifanya nisiamini. Koki ya jikoni ilipoanza kudondosha, alitazama video kwenye simu, akafunga maji, akafungua koki, akatoa kipira kilicholika, akaenda nacho dukani ili wampe saizi ile ile. Alizungusha tredi tepu kwa upande wa kukazia, kama alivyoona, na maji yakakoma. Video nyingine hazikumsaidia. Alitazama mtu wa Marekani akitundika rafu kwa kugongagonga ukuta kutafuta mbao zilizo nyuma yake. Ukuta wetu ni tofali, hauna mbao, unataka drili yenye kugonga na vijiplastiki vya kushika skrubu. Siku hizi anatafuta mafundi wa hapa hapa wanaorekodi kazi zao kwa Kiswahili, na wapo. Umeme peke yake nimemkataza, huo una fundi wake.

Mikono basi ipo, na maarifa yamekuwa rahisi kuyapata kuliko zamani. Kinachopungua ni mahali pa kuyatumia. Mwaka jana nilipoongeza chumba na bafu uani, nilimwambia fundi bomba asichimbe ukuta.

"Mabomba yapite nje, fundi, uyashike kwa vibanio. Na kila chumba kiwe na koki yake ya kufungia."

"Mama, itaharibu muonekano. Wageni watadhani pesa zimekuishia."

"Wageni hawatakuja kuyatengeneza yakivuja."

Alicheka, akafanya. Kwenye dari ya jipsamu nilimwambia seremala aache mlango mdogo wa kupandia, na kuta za nje nilipaka rangi tu bila vigae. Nilitumia pesa kidogo kuliko majirani, na kweli wapo waliouliza kama nimeishiwa. Siku hizi anayenijia kutaka ushauri wa ujenzi simwulizi anataka vigae gani. Namwuliza likitokea tatizo ataliona vipi, na nani nyumbani kwake ataweza kulifikia kwa mkono. Asiye na jibu namshauri asianze lipu.