Mnyororo wa Sudoku na Ndugu Tuliyemhukumu



Saa ya mapumziko, baada ya chakula cha usiku, mafrateri wengine hucheza bao, wengine karata, wengine hutazama taarifa ya habari. Sisi watatu wa mwaka wa pili wa falsafa hukaa pembeni na penseli, ufutio na kitabu kimoja cha sudoku. Kurasa zake za mwanzo zilishajazwa na waliotutangulia. Zilizobaki ni zile za mwisho, ngumu kuliko zote. Tumeona vema tuwashirikishe tuliyojifunza humo, pamoja na kosa moja tulilolitenda nje ya kitabu hicho.

Kwa asiyeujua mchezo: sudoku ni mraba wenye vyumba 81, yaani mistari 9 na safu 9, uliogawanywa tena katika maboksi 9 ya vyumba tisa tisa. Kila mstari, kila safu na kila boksi lazima viwe na tarakimu 1 hadi 9, bila kurudia hata moja. Mchezo huu ulitungwa na Mmarekani Howard Garns na kuchapishwa mwaka 1979, lakini jina limetoka Japani, ambako kampuni ya Nikoli ilianza kuuchapisha mwaka 1984. Ni kifupisho cha maneno yenye maana kwamba tarakimu sharti zibaki kapera. Tulipolisoma hilo tulicheka sana: kumbe hata namba zina useja wake!

Sudoku nyepesi humalizwa kwa macho tu. Ngumu hufika mahali ikagoma, na hapo ndipo kishawishi huingia: "Weka 5, tuone." Tulifanya hivyo wiki nyingi. Ukibahatisha, kosa halijitokezi hapo hapo. Linakuja kuonekana umeshajaza vyumba 60, na hujui tena lilianzia wapi. Tulifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Ndipo tukajifunza minyororo. Unaandika kwa penseli, ndani ya kila chumba kitupu, namba zote zinazoweza kukaa humo, kisha unatafuta zinavyofungana. Kuna viungo vya aina mbili. Kiungo imara husema: zimebaki nafasi mbili tu, hivyo kama si hii, ni ile. Kiungo hafifu husema: kama ni hii, basi si ile, lakini kama si hii, hujui lolote kuhusu ile.

Tuchukue mfano. Chumba cha katikati kabisa, mstari wa 5 safu ya 5, kimebaki na 2 au 5. Kwenye mstari huohuo, safu ya 1, kuna chumba chenye 2 au 8. Juu, mstari wa 1 safu ya 5, kuna chumba chenye 5 au 8. Sasa tazama pembe ya juu kushoto. Kama katikati ni 2, chumba cha kushoto kitakuwa 8, na pembe hiyo haiwezi kuwa 8 kwa sababu ziko safu moja. Kama katikati ni 5, chumba cha juu kitakuwa 8, na pembe bado haiwezi kuwa 8 kwa sababu ziko mstari mmoja. Katikati hatujakujua bado, lakini 8 ya pembeni tunaifuta bila wasiwasi. Huko si kubahatisha. Ndiyo ile hoja tuliyofundishwa darasani: ama P au Q, P huleta R, Q nayo huleta R, basi R.

Tulifurahia sana ujuzi huu. Pengine tulijivuna.

Muhula uliopita zilikosekana shilingi 60,000 tulizochangishana kununua mpira na nyavu. Zilikuwa kabatini. Funguo zilikuwa mbili: moja ya mweka hazina, nyingine ya msaidizi wake. Mweka hazina alikuwa amelazwa hospitalini. Jioni ile, sudoku ikiwa mezani, tukajenga mnyororo: ama mweka hazina, ama msaidizi. Mweka hazina hayupo. Basi ni msaidizi.

Hatukumshtaki kwa Padre Gambera. Tulifanya baya zaidi: tulinyamaza. Bwaloni tulipeana chumvi kwa kumpita. Siku ya pili naye akawa mkimya, na sisi tukaambiana, "Mnaona? Mwenye hatia hunyamaza." Siku nne zikapita hivyo.

Siku ya tano mweka hazina alirudi. Tulipomweleza alishangaa. Kabla ya kwenda hospitalini alikuwa amezikabidhi fedha kwa mlezi wetu azitunze. Kabati lilikuwa tupu tangu mwanzo.

Tulikwenda watatu chumbani kwa yule ndugu kuomba msamaha. Alitukaribisha, akatupatia viti, akatusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema maneno mawili: "Mngeniuliza tu."

Usiku ule tuliipitia hoja yetu kama tunavyopitia sudoku iliyoharibika. Umbo lake halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye neno "ama". Tulifunga kiungo imara mahali ambapo hatukuwa tumehesabu nafasi zote. Na ule ukimya? Mwenye hatia huweza kunyamaza, lakini hata mtu aliyetengwa na ndugu zake hunyamaza. Tuliusababisha wenyewe, kisha tukautumia kuwa ushahidi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, huhesabu hukumu ya haraka kuwa kosa dhidi ya amri ya nane, hata ile ya kimoyomoyo. Namba inayofuata, kwa mafundisho ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, inatutaka tumwelewe mwenzetu kwa upande mwema kwanza, na tukishindwa, tumuulize. Tulikuwa tumeisoma. Ndugu yetu aliifupisha kwa maneno mawili.

Bado tunacheza sudoku, na sasa tuko wanne. Yule ndugu ndiye mwepesi kuliko sisi kuona viungo hafifu. Lakini tunajua tofauti: katika sudoku vyumba vyote 81 viko mbele ya macho yako, na ukikosea kuna ufutio. Moyo wa mwenzako hauko mezani namna hiyo, na zile siku nne hazifutiki. Wapendwa wasomaji, iwe ni jumuiyani, kazini au nyumbani, ukijikuta unasema "kama si yeye, ni nani?", simama hapo. Mwendee, umuulize.

Mtuombee, nasi tunawaombea.