Jina la Mgomba Liandikwe Kitabuni

Ndugu msomaji, nikuulize: kibanjani mwako unayo migomba ya namna ngapi, nawe waweza kuitaja yote kwa majina? Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, nikaaibika.

Nyumbani kwetu, upande wa Bukoba, marehemu mama alikuwa na migomba ya namna kumi na mbili. Aliijua kwa kuitazama tu: hii Enchoncho, ile Enshakala, kule pembeni Enkonjwa, na karibu na shimo la kuivishia ndizi, embiile za pombe. Alipoanza kuugua nilimfuata kibanjani na vipande vya karatasi. Kila alipotaja jina niliandika kwa wino, nikafunga karatasi kwenye mgomba. Nikajiona mwalimu hasa.

Mvua ya kwanza ikafuta wino. Karatasi zilizosalia zikapotea kwa sababu niliyoijua tangu utoto: mgomba huzaa mara moja tu, kisha hukatwa. Tulikata mkungu, tukakata na mgomba, jina likaoza pamoja na gogo. Machipukizi yakabaki bila jina. Tena shina halikai mahali pamoja. Machipukizi hutokea kando, na mwaka hata mwaka shina husogea, hata likakaribia la jirani yake.

Mama akafa. Mwaka uliofuata binti yangu alipokea Komunyo ya kwanza. Nikakata mkungu mnene, nikiwa na hakika kwamba ni Enchoncho. Wageni walipotia tonge la kwanza kinywani, wote wakanyamaza. Matoke yalikuwa machungu. Nilikuwa nimewapikia embiile! Mke wangu hakusema neno, akaondoa sahani.

Kesho yake nilimwendea bibi mmoja jirani, rika la mama, akakubali kunifundisha. Akasema: Usitazame ukubwa wa mkungu, maana huo hutokana na mbolea na mvua. Tazama ndizi zenyewe. Enshakala ni ndefu, nyembamba, zimeachana kwenye mkungu. Kata ndizi mbichi katikati. Ukiona ndani madoa ya utomvu wa kahawia, hiyo ni embiile. Tazama na ua lililo chini ya mkungu, kama maganda yake huanguka au hubaki yameshika.

Safari hii nilifuata desturi ya ofisi ya parokia. Kitabu cha ubatizo hakifungwi shingoni mwa mtoto. Hukaa ofisini, nacho hueleza jina, wazazi na mahali. Basi nikachora ramani ya kibanja katika daftari, kila shina na namba yake. Namba nikaitoboa kwa msumari katika kipande cha bati, nikakipigilia kwenye kigingi kando ya shina, wala si kwenye mgomba. Shina likisogea, nasogeza kigingi. Katika daftari naandika jina, aliyelitaja, umbo la ndizi, na shina lilikotoka.

Tulitambua namna tisa. Tatu bibi hakuzijua, nami sikuzibunia jina. Nimeandika “Jina halijulikani”, pamoja na umbo lake. Karani hawezi kumwandikia mtu wazazi wa kubahatisha. Jina la uongo ni baya kuliko kukosa jina, kwa maana likisha kuandikwa hakuna atakayeuliza tena.

Je, ni kazi ya bure? Mnyauko wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na miaka michache baadaye ukaingia Kagera. Mashina mengi yaling'olewa. Atakaye kupanda tena ndizi za babu yake ataziombaje kwa jirani kama hajui jina lake? Huko Ubelgiji, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven, wataalamu hutunza namna zaidi ya 1,500 za ndizi ndani ya chupa, kila moja na namba yake. Kama watu wa mbali wanajali hivyo, sembuse sisi tunaozila kila siku?

Basi, ndugu msomaji, Jumapili hii baada ya Misa, mchukue mtoto ajuaye kuandika, mwende kibanjani pamoja na mzee wenu. Mzee ataje, mtoto aandike. Msingoje mpaka augue. Mimi nilingoja, na namna tatu za mama sitazijua kamwe kwa jina.