Mbugangari: Tulitafuta Mishale ya Wahenga

Mwezi huu tunawapeleka Mbugangari, mjini Gisenyi, karibu kabisa na mpaka wa Goma. Wengi wetu tulipita upande huo siku tulipovuka, mizigo kichwani na watoto mgongoni. Siku ile hatukuangalia chini. Safari hii tuliangalia.

Ardhi ya pale imejaa mawe meusi ya volkeno. Watu wamejengea kuta na nyua. Mtoto mmoja tuliyekuwa naye akaokota kipande chenye ncha, akapiga kelele: "Babu, tazama! Mshale wa watu wa zamani!"

Mzee wetu akakigeuza mkononi, akacheka. "Hapana, mjukuu wangu. Hili lina matundu kama mkate. Limetoka mlimani, halijachongwa na mtu."

Ni kweli. Mlima Nyiragongo uko jirani tu. Ulimwaga moto mwaka 1977, tena 2002, tena 2021. Lava ikipita, inafunika udongo wa zamani pamoja na vitu vilivyomo. Kwa hiyo mahali pale si rahisi kuona kazi ya wahenga juu ya ardhi.

Lakini walikuwepo katika nchi zetu hizi. Ulaya walichonga mishale kwa gumegume. Huku kwetu wahenga walitumia sana kwatzi, lile jiwe jeupe linalong'aa kama glasi. Walilipasua vipande vidogo vidogo, vingine kama ukucha, wakavibandika kwa utomvu kwenye mti wa mshale au mpini. Zana za mawe za zamani zimepatikana hapa Rwanda, na Mbelgiji Jacques Nenquin aliziandikia kitabu mwaka 1967. Kule Ituri, katika pango la Matupi, vipande vya kwatzi vina zaidi ya miaka 30,000.

Halafu kuna Ishango, Kivu ya Kaskazini, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin alichimba pale akakuta vyusa vya mifupa vya kuvulia samaki. Alikuta pia mfupa mdogo uliokatwa alama nyingi zilizopangwa katika mistari mitatu, na kipande cha kwatzi kimechomekwa kwenye ncha yake. Una miaka kama 20,000. Wataalamu wengi wanaona mwenye mfupa alikuwa anahesabu kitu. Leo umehifadhiwa Brussels. Na karibu na hapo, Katanda, kuna vyusa vya miaka kama 90,000!

Mtoto akauliza: "Babu, hao walikuwa kabila gani?"

Tukanyamaza wote. Mnajua swali hilo limetufanyia nini. Kuna waliofukuzwa kwa sababu yake, kuna waliozika watu wao.

Mzee akajibu taratibu: "Hakuna anayejua, mwanangu. Makabila yetu yote, majina yetu yote, mpaka huu unaouona, vyote vimekuja nyuma yao. Walivua samaki, wakahesabu, wakafa. Mtu akikuambia hapa si kwenu kwa sababu yeye alitangulia, umkumbuke aliyechonga lile jiwe."

Tulirudi tukiwa na maneno hayo tu, hatukubeba jiwe lolote.

Nanyi tunawaomba hivi: mkilima au mkichota udongo, mkaona kipande cha kwatzi chenye makali kilichogongwa kwa mkono, msikiuze na msikitoe. Wataalamu wanajua umri wa kitu kwa kutazama tabaka la udongo kilipolala na vitu vilivyo pembeni yake. Kikishatolewa, kinabaki jiwe tu. Wekeni alama, halafu mwambieni mwalimu au mkuu wa mudugudu.

Na jioni, mama na baba, wasimulieni watoto habari za Ishango. Ni jambo zuri walijue kwa lugha yao.

Mbaki na amani. Tuonane mwezi ujao.