Mlima hauhesabu kwa miaka ya mradi

Mtu aliyezaliwa chini ya Nyiragongo mwisho wa mwaka 1976 amekwisha kukimbia mlima huo mara tatu. Tarehe 10 Januari 1977 alikuwa mgongoni mwa mama yake. Tarehe 17 Januari 2002 alikuwa na miaka 25: lava ilikata mji wa Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kufika ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 alikuwa na miaka 44, na sasa ni yeye aliyeshika watoto mkono. Siku tano baadaye, viongozi waliagiza mitaa kumi ya Goma ihame, na watu wakaelekea Sake, Minova na Rwanda, magodoro kichwani.

Hiyo ndiyo saa ya mlima: miaka 25, kisha miaka 19. Saa ya serkali ni bajeti ya mwaka mmoja. Saa ya wafadhili ni mradi wa miaka michache. Mwaka 2020, msaada mmoja mkubwa kwa kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, ulifika mwisho. Kwa miezi kadhaa kituo kilikosa intaneti ya kupokea habari kutoka mashine zinazosikia mitetemeko ya ardhi. Wataalamu walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kulipa wakati mlima umenyamaza.

Wenye kuumia kwanza ni wale wasiochagua pa kulala. Vita vilipoleta maelfu ya familia Kanyaruchinya na Bulengo tangu mwaka 2022, hema zilisimikwa palipopatikana nafasi. Upande wa Bulengo kuna mazuku, gazi ya kaboni inayotoka ardhini. Haina rangi, ni nzito kuliko hewa, na inajikusanya mabondeni. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama. Mtoto anayelala chini anaweza kufa. Wenyeji wanayajua mazuku tangu zamani, na wanasayansi wameyapima. Lakini ujuzi huo unaokoa mtu pale tu ramani inapofika mbele ya hema, si nyuma ya jeneza.

Japani nayo ni inchi ya volkano na mitetemeko. Tangu mwaka 1971, karibu kila miaka mitano, inauliza wataalamu wake wengi: katika miaka 30 ijayo sayansi itaweza nini, na inchi itahitaji nini? Hawatabiri kama waganga. Majibu yanasaidia viongozi kuchagua mapema wapi pa kuweka pesa na wanafunzi gani wa kufundisha.

Kongo inaweza kuuliza vilevile, na kwa Goma maswali matatu yanatosha kuanza. Nani atalipa mshahara na intaneti ya OVG mradi ukiisha? Nani anasoma leo jiolojia ili awe kazini mwaka 2045? Na sheria gani itakataza kuweka kambi au shule juu ya mazuku?

Amani ikirudi, wengi watajenga tena mahali palepale, maana udongo wa volkano unazaa vizuri na hawana shamba lingine. Mtoto aliyezaliwa kambini mwaka 2023 atauona mlima ukiwaka siku moja. Kama atapata onyo mapema, hilo linategemea bajeti inayoandikwa sasa, wakati mlima haujasema kitu.